Maktaba yetu wenyewe ya spektra za MS/MS (alama za vipande vya molekuli iliyovunjwa): tuchanganye standadi au tudunge moja moja?

mchanganuzi_mimea

Wakuu, salamu.

Nina standadi 180, yaani sampuli safi za kulinganishia, za kemikali za mimea: flavonoidi na glikosidi zake, asidi za fenoli, na alkaloidi kadhaa. Mashine ni Q-TOF (kipima masi) yenye ESI (chanzo cha ioni), kolamu ya kutenganishia ni C18 ya milimita 2.1 kwa 100, viyeyushi ni maji na asetonitrili, kila kimoja na asidi fomiki asilimia 0.1. Nikilinganisha data yangu na maktaba za wazi (MassBank, MoNA, GNPS), vitu ninavyovijua kwa hakika vinapata alama ya kosaini (kipimo cha mfanano, 1 ni sawa kabisa) 0.4 hadi 0.6, na vingine havitokei kabisa. Ndiyo maana nataka tujenge maktaba ya kwetu.

Ninachoomba: je, nichanganye standadi au nidunge moja moja? Nirekodi kwa nishati ngapi za mgongano (nguvu ya kuvunja ioni)? Na nikishapata spektra, nizisafishe vipi na kuziandika kwenye faili gani ili programu za MZmine na matchms zote zisome? Nitashukuru kupata namba kamili, siyo ushauri wa jumla.

---

KileleKikuu

Mkuu, kabla ya kugusa pipeti, tengeneza jedwali la standadi zako. Nusu ya maingizo mabovu kwenye maktaba huzaliwa kwenye jedwali, wala mashine haihusiki. Kila standadi iwe na jina, fomula, SMILES na InChIKey (maandishi mawili yanayowakilisha muundo wa molekuli), namba ya chupa, na fomula ya ioni unayoitegemea.

Adui wa kwanza ni chumvi. Chupa imeandikwa haidrokloridi au kloridi, wewe unanakili SMILES ya muuzaji jinsi ilivyo, na masi yote inapotoka. Chukua kloridi ya beberini. Ukihesabu kwa kloridi ikiwemo, programu itatafuta [M+H]+ (molekuli iliyoongezwa protoni) kwenye m/z (masi gawa kwa chaji) 372.0997, na hutaiona milele. Ukiondoa kloridi lakini ukasahau kwamba beberini tayari ina chaji chanya, utaongeza protoni isiyokuwepo na kutafuta 337.1309. Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu isotopu ya kwanza ya beberini iko 337.1264. Tofauti ni takriban ppm (sehemu kwa milioni) 13, kwa hiyo ukiweka uvumilivu wa ppm 20 programu itaridhika na kukuandikia spektra ya isotopu kwa jina la kampaundi. Ioni sahihi ni [M]+ kwenye 336.1230. Pitia alkaloidi zako zote za amoniamu ya kwatenari kwa jicho hilo.

Jambo jingine dogo: masi ya ioni ihesabiwe kwa protoni, 1.00728, siyo kwa atomu nzima ya haidrojeni, 1.00783. Ukisahau elektroni moja, kwenye m/z 195 tayari umejipa kosa la ppm 2.8 ambalo hakuna urekebishaji wa mashine utakaoliondoa.

Kuhusu kuchanganya: changanya, ila kwa masharti. Standadi 180 moja moja, kwa modi mbili (chanya na hasi) na nishati tatu, ni wiki nzima ya mashine. Kumi kwa kila mchanganyiko inatosha. Usiweke isoma mbili (molekuli zenye fomula moja lakini muundo tofauti) kwenye mchanganyiko mmoja, hata kama unaamini kolamu itazitenganisha. Weka umbali wa angalau m/z 4 kati ya ioni mama (zile zitakazovunjwa) zote, ili isotopu za mmoja zisiingie kwenye dirisha (sehemu ya m/z inayotengwa ili kuvunjwa) la mwenzake. Halafu kagua tofauti hizi kati ya kila jozi: 21.98 (sodiamu badala ya protoni), 37.96 (potasiamu), 17.03 (amoniamu), 18.01 (maji yaliyopotea), 162.05 (heksosi iliyopotea). Jozi yenye tofauti mojawapo itenganishwe. Kwesetini, isokwesitrini na rutini hazikai chungu kimoja: zote tatu hutoa 303.0499, na mbili za mwisho hutoka kwenye C18 karibu pamoja.

Vipimo: andaa kila standadi 1 mg/mL kwenye methanoli, au DMSO kwa zile zinazogoma kuyeyuka. Chukua µL 10 za kila moja kati ya kumi, ongeza µL 900 za methanoli, utapata 10 µg/mL kwa kila kampaundi. Kutoka hapo chukua µL 100, ongeza µL 900 za maji yenye methanoli asilimia 10, na sasa uko 1 µg/mL. Hatua hiyo ya maji usiiruke. Ukidunga kwenye methanoli tupu, asidi za fenoli zinazotoka mapema zitatoa vilele vilivyopasuka viwili, na muda wa kutoka utakaouandika hautakuwa na maana. Dunga µL 2. Dakika ya kwanza elekeza mtiririko kwenye taka ili DMSO isiingie kwenye chanzo cha ioni.

---

Bi_Kolamu

Nakubaliana na KileleKikuu kwa yote. Mimi naongeza upande wa kurekodi.

Nishati: rekodi 10, 20 na 40 eV, na kila moja iwe ingizo lake. Usizijumlishe kuwa spektra moja. Glikosidi kwa 10 eV tayari imeachia sukari, ilhali beberini kwa 10 eV inakaa kimya kabisa. Mpaka uipandishe ndipo utaona 321.0995 (imepoteza methili), 320.0917 na 292.0968. Hakuna nishati moja inayotosha familia zote hizo mbili.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la alama zako za 0.4. Spektra nyingi za wazi zimerekodiwa kwenye mashine za aina ya Orbitrap kwa nishati iliyosawazishwa, NCE, na watu husoma "30" wakadhani ni 30 eV. Kwa ioni yenye chaji moja, eV ni NCE mara m/z gawa kwa 500. NCE 30 kwenye m/z 195 ni takriban 11.7 eV, na kwenye m/z 611 ni takriban 36.7 eV. Ukilinganisha spektra yako ya 40 eV na ile ya NCE 30 kwa molekuli ndogo, unalinganisha kampaundi iliyosagwa na iliyoguswa tu. Linganisha upya kwa nishati iliyo karibu, utaona alama zinapanda kabla hata hujajenga maktaba yako.

Mipangilio mingine:

- Dirisha la kutengea ioni mama liwe jembamba, takriban 1.3. Ukiliacha 4 unaruhusu majirani waingie.
- Tumia orodha ya ioni ulizozihesabu, siyo uchaguzi wa "kilele kikubwa zaidi". Zima pia utaratibu wa kuiruka ioni iliyokwisha kuvunjwa, kwani unataka skani nyingi kwenye kilele kilekile.
- Kati ya mchanganyiko na mchanganyiko dunga sampuli tupu moja, na irekodiwe kwa orodha ileile ya ioni. Bila hiyo hutajua kipi ni mabaki ya mdungo uliotangulia.
- Modi chanya na hasi zirekodiwe zote mbili. Asidi za fenoli karibu zote zinaongea vizuri zaidi kwenye hasi.

Skani za kuchukua ni zile za karibu na kilele chenyewe, angalau tatu, ila siyo zilizojaza detekta. Kilele kikijaa, masi husogea na uwiano wa vipande hupotoka. Dalili ya kujaa ni kichwa cha kilele kuwa bapa, au isotopu ya kwanza kuonekana kubwa kuliko fomula inavyoruhusu. Ukiona hivyo, punguza hadi 0.2 µg/mL urudie.

---

mchanganuzi_mimea

Asanteni sana. Nimeanza na mchanganyiko mmoja na tayari nimekwama. Rutini: natarajia 611.1607, ipo, lakini kilele kikubwa zaidi kwa wakati huohuo ni 303.0499, na programu imechagua hicho kuwa ioni mama. Standadi imeharibika?

---

KileleKikuu

Haijaharibika. Rutini inavunjika ndani ya chanzo cha ioni, kabla haijafika kwenye seli ya mgongano. Hakikisha hivi: chora mkondo wa 611.1607 na wa 303.0499, mmoja juu ya mwingine. Vikipanda na kushuka pamoja, skani kwa skani, 303 ni mtoto wa 611. Kama ni kwesetini iliyochafua chupa, itatoka baadaye sana kwenye C18, peke yake.

Punguza volteji ya sehemu ya kuingilia ioni, kisha shusha joto la gesi kidogo, uone uwiano wa 611 kwa 303 unavyobadilika. Huenda usifike sifuri, na hilo si tatizo, mradi ioni mama uliyovunja ni 611.

Spektra ya 303 iliyotokana na rutini kimsingi ni spektra ya kwesetini. Ukiihifadhi kama [M+H]+ ya rutini, kila glikosidi ya kwesetini itakayopita mbele ya maktaba yako itaitwa rutini. Ukitaka kuitunza, kwa sababu inasaidia kutambua vilele vya ziada, iandike kwa jina lake kamili: [M+H-C12H20O9]+.

---

msafisha_data

Niingie kwenye usafishaji na faili.

Geuza faili ghafi kuwa mzML (umbo la wazi la data) kwa programu ya msconvert. Weka kichujio cha peakPicking na kiwe cha kwanza kwenye orodha ya vichujio. Kikikaa baada ya vingine, data yako inaweza kubaki katika umbo la wasifu, na kilele kimoja kitasomeka kama nukta kumi na tano zilizobanana. Dalili ni vilele vingi vyenye tofauti ya m/z 0.005 au pungufu.

Usafishaji wenyewe, kwa mpangilio huu:

1. Pima usafi wa dirisha: kwenye skani ya MS1 (kabla ya kuvunja ioni) iliyotangulia, ioni mama iwe na angalau asilimia 90 ya nguvu yote iliyo ndani ya dirisha la kutengea. Chini ya hapo tupa skani hiyo.
2. Unganisha skani zilizobaki za nishati moja, uvumilivu ppm 10, na uache tu vilele vilivyoonekana katika zaidi ya nusu ya skani.
3. Ondoa vilele vilivyomo kwenye sampuli tupu kwa muda uleule. Mchafuzi utakayemwona mara nyingi ni ftalati ya plastiki: 391.2843 kwenye MS1, na kipande chake 149.0233.
4. Ondoa kila kitu kilicho juu ya ioni mama kwa zaidi ya m/z 0.5, maana ioni ya chaji moja haiwezi kuzaa kipande kizito kuliko yenyewe.
5. Ondoa vilele vilivyo chini ya asilimia 1 ya kilele kikubwa.
6. Kila kilichobaki kipewe fomula iliyo sehemu ya fomula ya ioni mama, kosa lisizidi ppm 5. Chini ya m/z 100 ruhusu ppm 10.

Hatua ya 6 ndiyo chujio kali kuliko zote, na ndiyo inayokuonyesha mashine imesogea kiasi gani. Kafeini ukiipata 195.0871 badala ya 195.0877, umekosea ppm 3.1 upande wa chini. Vipande vyake navyo vikikosea upande uleule kwa kiasi hichohicho, rekebisha mstari mzima, usifute kilele.

Ingizo la MSP (faili la maandishi la maktaba) linaonekana hivi. Muda na nguvu za vilele hapa ni vya mfano tu, ila m/z ni halisi:

```
NAME: Caffeine
PRECURSORMZ: 195.0877
PRECURSORTYPE: [M+H]+
IONMODE: Positive
FORMULA: C8H10N4O2
INCHIKEY: RYYVLZVUVIJVGH-UHFFFAOYSA-N
SMILES: CN1C=NC2=C1C(=O)N(C(=O)N2C)C
RETENTIONTIME: 3.42
COLLISIONENERGY: 20
INSTRUMENTTYPE: LC-ESI-QTOF
Num Peaks: 4
83.0604 35
110.0713 180
138.0662 1000
195.0877 620
```

138.0662 imepoteza 57.0215, yaani CH3NCO, 110.0713 imepoteza CO tena, 27.9949. Kila ingizo lako liweze kusomeka hivyo, angalau kwa vilele vikubwa viwili au vitatu.

Mambo yanayovunja faili: namba ya Num Peaks isiyolingana na mistari halisi, mstari mtupu kati ya maingizo uliosahaulika, na programu ikameza maingizo mawili kama moja, herufi za Kigiriki kwenye majina, faili isipohifadhiwa kwa UTF-8, na programu ya jedwali iliyogeuza nukta ya desimali kuwa mkato. Andika MSP kwa skripti kutoka kwenye jedwali lako, usiihariri kwa mkono. Ukigundua kosa, sahihisha jedwali, kisha zalisha faili upya.

Weka kama metadata nishati, aina ya mashine, namba ya chupa na jina la faili ghafi. Siku mtu akitilia shaka ingizo, ndani ya dakika moja uwe umefungua skani halisi lilikotoka.

---

Bi_Kolamu

Msafisha_data, ndugu yangu, hatua ya 6 nina neno nayo. Fomula ndogo ya ioni mama isiwe sheria isiyo na mlango. Baadhi ya vipande, hasa kationi za asili (acylium, zenye kundi la C=O), hushika molekuli ya maji iliyomo kwenye seli ya mgongano, na kipande kinachotokea kinaweza kuwa na oksijeni moja zaidi ya alizokuwa nazo mzazi. Ukivifuta, unafuta kitu ambacho sampuli halisi nayo itakionyesha kila siku. Ruhusu nyongeza ya H2O na N2, uvipe alama, lakini vibaki.

Na hili la kafeini umeligusa bila kulimaliza. Ina vilele vinne tu hapo. Mipangilio ya kawaida ya GNPS inadai kosaini 0.7 na vilele sita vinavyolingana. Kwa kizingiti hicho kafeini haitapatikana hata ukiilinganisha na yenyewe! Ndiyo sababu baadhi ya vitu vya mwenye mada "havitokei kabisa". Kwa maktaba ya ndani yenye muda wa kutoka, shusha vilele hadi vitatu kwa molekuli ndogo, na uache muda ukusaidie kuchuja.

Wakati wa kulinganisha, toa ioni mama kwenye hesabu ya alama. Kwa 10 eV mara nyingi ioni mama ndiyo asilimia 100, na yenyewe pekee hulingana na isoma yoyote ile. Utaona 0.95 ya uongo. Ibaki kwenye faili, itoke kwenye hesabu tu.

Muda wa kutoka: andika pamoja nao kolamu, gradienti (jinsi uwiano wa viyeyushi unavyobadilika) na mtiririko. Ukibadilisha kimoja, ule muda si wako tena. Uvumilivu wa dakika 0.1 hadi 0.2 unatosha, mradi kila kundi la sampuli linaanza na mchanganyiko mmoja wa ukaguzi wenye kampaundi tano au sita zilizosambaa gradienti nzima. Huo muda ndio unaokufikisha ngazi ya 1 (uhakika wa juu kabisa wa utambuzi) ya Schymanski (2014): standadi yako, njia yako, MS/MS na muda vyote vikikubaliana. Maktaba ya wazi peke yake, hata alama iwe 0.98, inakuacha ngazi ya 2.

---

msafisha_data

Bi Kolamu, hilo la maji nimelipokea, nyongeza za H2O na N2 ziruhusiwe.

Kwa upande wa majaribio kuna mawili. La kwanza, linganisha maktaba na yenyewe. Toa orodha ya jozi zote zenye kosaini zaidi ya 0.9 ambazo herufi 14 za kwanza za InChIKey hazifanani. Herufi hizo zinabeba muunganiko wa atomu, kwa hiyo jozi kama hiyo ni ama isoma za kweli, au jina limewekwa kwenye spektra ya mwenzake. Zipitie zote kwa macho. La pili, dunga michanganyiko yako kwa 0.1 na 0.01 µg/mL, kisha uitie ndani ya dondoo halisi la mmea, uhesabu ni ngapi zinapatikana. Kampaundi inayopatikana kwenye kiyeyushi lakini ikapotea ndani ya dondoo, mara nyingi ina jirani aliyeingia dirishani.

---

mchanganuzi_mimea

Nimeelewa, na nimeona kweli alama zimepanda nilipolinganisha kwa nishati iliyo karibu. Swali la mwisho: asidi ya klorojeniki, chupa moja, modi hasi, inatoa vilele vitatu vyote vyenye 353.0878. Kipi niingize?

---

Bi_Kolamu

Ni kampaundi ileile iliyohama. Kundi la kafeoili hutembea kutoka nafasi moja ya asidi kwiniki kwenda nyingine, hasa kwenye myeyusho usio na asidi, na mwanga nao hugeuza umbo la trans kuwa cis. Soma vipande. Isoma ya nafasi ya 5 ina 191.0561 iliyotawala kila kitu. Ya nafasi ya 3 pia ina 191.0561 lakini na 179.0350 iliyosimama wima kando yake. Ya nafasi ya 4 inajitambulisha kwa 173.0455 kuwa kilele kikubwa. Kilele cha nne chenye vipande sawa na vya mojawapo ya hizo lakini muda tofauti, kishuku kuwa cis.

Andaa myeyusho mpya kwenye methanoli yenye asidi fomiki asilimia 0.1, chupa nyeusi, dunga siku hiyohiyo. Kilele kilichobaki kikubwa ndicho cha jina lililoandikwa kwenye chupa, ila hakikisha kwanza muuzaji anahesabu namba za nafasi kwa mfumo upi, maana mifumo miwili inatumika na nafasi ya 3 ya mmoja ni ya 5 ya mwingine. InChIKey haina utata huo, kwa hiyo fuata InChIKey. Vile vilele vingine viwili usiviingize mpaka upate standadi zake zenyewe.